Mikono ndiyo maiki: kuweka lugha ya alama kwenye kipindi cha TV

Kipindi changu cha kwanza chenye mkalimani wa lugha ya alama nilikihariri nikiwa na uhakika wa kupongezwa. Kilikuwa cha dakika 28, kuhusu kuhara kwa watoto wakati wa mvua. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga video wa harusi na vipaimara hapa Dodoma, kwa hiyo kupewa kipindi cha TV kulikuwa kupanda daraja. Nikakitia kwenye flashi, nikashika bajaji mpaka Chang'ombe kwa dada yangu.

Dada yangu ni kiziwi. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne, akapona, masikio hayakurudi. Alikaa kwenye kochi akatazama dakika tatu hivi, kisha akainuka akaenda jikoni kuchambua mlenda. Nikamfuata, nikamuuliza kwa alama: vipi tena? Akajibu: "Yule kijana mikono yake nani kaikata?"

Nikarudi kwenye TV. Kweli. Mkalimani nilimweka kwenye kiboksi kidogo kona ya chini kulia, halafu ukanda wa matangazo unaopita chini ukamfunika kuanzia kwenye viwiko. Kila alama iliyofanyika usawa wa tumbo ilizama kwenye tangazo la mabati. Kichwani kwake nembo ya kituo. Shati lake kitenge cha maua makubwa, vidole vinapotea kwenye maua kama panzi kwenye majani. Nilikuwa nimekitazama kipindi hicho mara saba bila kuona kasoro, kwa sababu mimi nilikuwa nakisikiliza.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja, na mengi ya humu yanatoka hapo. Kila ninapotaka kufanya jambo kwenye picha ya mkalimani, au ya kiziwi anayeongea, najiuliza kama ningethubutu kulifanya kwenye sauti. Ungepitisha tangazo juu ya sauti ya mtangazaji kipindi kizima? Ungeipunguza mpaka isikike kwa shida ili skrini ipendeze? Ungemkata mtu katikati ya sentensi kwa sababu umepata picha nzuri ya mbuzi? Kama hapana, basi na mikono usiifanyie hivyo.

Kabla hujawasha kamera

Anza na maneno, maana ukikosea hapa hata taa nzuri hazitakuokoa. Sema kiziwi, viziwi. Watu wengi wa mjini wanaona neno hilo kali, wanatafuta maneno ya kuzungukazunguka, lakini chama chenyewe kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na wenyewe hawalionei aibu. Neno la kuliacha ni "bubu". Dada yangu si bubu, ukimkera utajua.

Jambo la pili: Lugha ya Alama ya Tanzania, LAT, ni lugha. Si Kiswahili kilichohamishiwa vidoleni, wala si maigizo ya mikono. Ina mpangilio wake wa maneno, na uso ni sehemu ya sarufi: nyusi, mashavu na mdomo vinaweza kugeuza maelezo yakawa swali, au "kubwa" ikawa "kubwa kupindukia". Ina tofauti za mahali na za umri pia. Wazee waliosoma Tabora, ambako shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa 1963, wanaweza kuwa na alama ambazo vijana wa leo hawazitumii. Ndiyo maana ukimwambia mhariri "weka tu maandishi, watasoma", hujamaliza kazi. Maandishi yanasaidia, tena sana, hasa kwa aliyepoteza usikivu ukubwani. Lakini kwa kiziwi wa tangu utotoni Kiswahili mara nyingi ni lugha ya pili aliyoisoma darasani, na darasa lenyewe wengine walilipata wakiwa wamechelewa. Ukiweza, weka vyote viwili.

Bosi akikuuliza kwa nini muingie gharama, mwambie Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara ya 30 inataja vipindi vya televisheni kwa jina. Pia kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Mimi bosi wangu hakujali sheria. Alijali nilipomwambia kwamba viziwi nao wananunua mabati.

Kumpata mkalimani, na kujua kama ni mkalimani

Hapa ndipo watu wanapigwa. Wewe husikii lugha ya mikono, kwa hiyo huna namna ya kujua kama anayepunga mbele yako anaongea au anafukuza nzi. Desemba 2013, kwenye ibada ya kumbukumbu ya Nelson Mandela kule Johannesburg, mtu alisimama kando ya marais, akiwamo Obama, akapunga mikono muda wote. Wenye kusikia tuliona mkalimani. Viziwi waliokuwa wanatazama walijua mara moja kwamba hakuna anachosema. Kama ilipita pale, kwenye studio yako ya vyumba viwili Nkuhungu itapita bila kugonga mlango.

Kwa hiyo anayemchagua mkalimani awe kiziwi. Uliza CHAVITA wakuelekeze. Hapa Dodoma waulize pia walimu wanaofundisha viziwi, na Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha elimu maalumu, kwa hiyo watu wa fani hiyo hawako mbali. Usiwasahau watoto wenye kusikia waliolelewa na wazazi viziwi. Wengine lugha hii waliijua kabla ya Kiswahili. Ila kuijua lugha nyumbani na kutafsiri mbele ya kamera ni vitu viwili. Mimi mwenyewe naongea na dada yangu tangu nikiwa mtoto, tunagombana na tunasutana, lakini ukiniweka nitafsiri hotuba ya bajeti nitakuaibisha. Mpe unayemfikiria dakika tano za kipindi cha zamani atafsiri, mrekodi, kisha wapelekee viziwi wawili watatu video hiyo bila sauti. Waombe wakueleze kilichosemwa. Wakikueleza sawasawa, umempata.

Mlipe. Hii naisema kwa aibu, kwa sababu mkalimani wangu wa kwanza nilimpa shilingi 5,000 ya bajaji nikadhani tumemalizana, kisa alikuwa "anasaidia jamii". Mpiga kamera hasaidii jamii? Mpangie malipo kabla, kama wengine wote kwenye bajeti.

Kisha mpe kazi mapema. Siku moja kabla, umtumie mada, majina ya wageni na maneno magumu. Tulirekodi kipindi cha zabibu, mkulima akaanza na ubwiri unga, ugonjwa wa mizabibu, akaingia kwenye salfa, dawa yake, akataja taasisi tatu kwa vifupisho vyake, na mkalimani alikuwa anayasikia yote hayo kwa mara ya kwanza. Jina ambalo halina alama hutamkwa kwa vidole herufi kwa herufi. Akimaliza kuandika kifupisho kimoja hewani, mkulima ameshafika kwenye mavuno ya pili ya mwaka. Angejua jana yake, angewauliza viziwi wenyewe ubwiri unga wanauitaje. Nao wanalima.

Kipindi kikizidi nusu saa, tafuta wakalimani wawili wapokezane kila dakika 20 hadi 30. Kwa nje mkono ndio unaonekana kuchoka, lakini kinachochoka kwanza ni akili: anasikiliza sentensi hii huku mikono inasema iliyopita. Akichoka hatakwambia, ataanza kuruka vitu, na wewe hutajua.

Kumpiga picha

Ukubwa kwanza. Uingereza, mwongozo wa Ofcom, chombo kinachosimamia utangazaji huko, unasema picha ya mkalimani isipungue moja ya sita ya skrini, na kwa kawaida ikae kulia. Mimi naanzia hapo, halafu nakumbuka kwamba mtazamaji wangu wa Bahi au Kongwa huenda hana TV ya inchi 55. Ana simu yenye kioo kilichopasuka. Kwa kipindi cha afya au cha uchaguzi namgawia mkalimani hata theluthi moja. Mgeni hatapungukiwa na kitu akisogezwa kushoto kidogo.

Fremu ianzie juu kidogo ya kichwa mpaka chini ya kiuno, na pembeni uache nafasi ya viwiko kutanuka. Mwambie mkalimani anyooshe mikono yote kila upande kabla hujafunga stendi ya kamera. Vidole vikitoka nje ya fremu, sogeza kamera nyuma. Usimwambie "bana mikono kidogo". Ni sawa na kumwambia mtangazaji aseme bila kufungua mdomo.

Nguo ziwe za rangi moja, tofauti na ngozi yake. Kwa wengi wetu hiyo ni buluu nyepesi, kijivu cha kung'aa, hata njano iliyopoa. Kwa mwenye ngozi nyeupe, nyeusi au buluu iliyoiva. Wapo wanaoshauri nyeusi kwa kila mtu, na mimi niliwahi kuufuata ushauri huo na kijana mweusi tii kama mimi. Mikono ikapotea kabisa, ukabaki uso unaoelea. Kama nyuma yake kuna kitambaa cha kijani, ambacho mhariri hukifuta ili aweke picha nyingine, asivae kijani, vinginevyo utampasua tumbo. Pete kubwa, bangili za kung'aa na kucha ndefu za rangi viachwe mkobani.

Taa ziwe mbili za mbele, kushoto na kulia, ili mkono mmoja usiweke kivuli juu ya mwingine. Uso lazima uonekane vizuri kama mikono. Mkirekodi nje, epukeni saa sita hadi saa tisa. Jua la Dodoma saa hizo linashuka wima, macho yanageuka mashimo mawili meusi na nyusi hazionekani, yaani umefuta nusu ya sarufi. Saa mbili asubuhi chini ya ukuta wenye kivuli inatosha, na upepo wa vumbi unakuwa haujaamka.

Mikono inayokwenda haraka huacha ukungu kwenye picha. Ukirekodi picha 25 kwa sekunde, badala ya kubaki kwenye spidi ya shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, panda 1/100 kama mwanga unaruhusu. Vidole vitasimama. Halafu mkalimani lazima amsikie mtangazaji vizuri, kwa spika ndogo au kifaa cha sikioni. Utashangaa ni mara ngapi jambo hili linasahaulika, anasimamishwa chumba cha pili aambulie maneno kupitia ukutani.

Mezani kwa mhariri

Mkalimani yuko nyuma ya msemaji kwa sekunde kadhaa, na ni lazima iwe hivyo, maana hawezi kutafsiri sentensi ambayo bado haijasemwa. Kwa hiyo mtangazaji akisema "kwaherini", usikate. Hesabu mpaka tano. Nimewahi kutazama matangazo ya dharura ambamo namba ya simu ya kupiga ilisemwa kwa sauti, na picha ikakatwa mkalimani akiwa kwenye tarakimu ya nne.

Ukanda unaopita chini, nembo, jina la mgeni: vyote vipangwe upya visimguse. Chora mstari kwenye mradi wako unaoonyesha eneo la mkalimani, na asiingie mtu. Kitengo cha matangazo watalalamika. Waoneshe flashi yangu.

Kosa kubwa zaidi, ambalo hata wahariri wazuri wanalifanya, ni picha za kujazia. Tumezoea mgeni akiongea tunaweka juu yake picha za soko, shamba au mbuzi, huku sauti inaendelea chini. Mgeni akiwa kiziwi, hakuna sauti yake chini. Ukiweka mbuzi juu yake umemnyamazisha. Mwenye kusikia ataendelea kusikia tafsiri ya mkalimani, kwa hiyo kwako kipindi kiko sawa, lakini kiziwi aliye nyumbani anabaki kutazama mbuzi. Picha za kujazia ziweke kabla hajaanza, au akimaliza, au gawa skrini. Na usimkate kifuani kwa kusogeza kamera ili "tuone hisia". Hisia utaziona, maneno utayapoteza.

Mgeni akiwa kiziwi

Mtangazaji amtazame mgeni, aongee naye yeye. "Ulianza lini kushona?" Asimgeukie mkalimani na kusema "muulize alianza lini kushona". Mkalimani akae pembeni ya mtangazaji, mkabala na mgeni, ili mgeni akiinua macho awaone wote wawili bila kuzungusha shingo. Meza isiwe na chupa za maji na shada la maua katikati. Mtu mmoja aongee kwa wakati mmoja; vipindi vya watu wanne kurukiana maneno kwa viziwi ni vurugu tupu. Na kama mgeni ni mkubwa kwako, shikamoo yake mpe, lugha ya alama haijafuta adabu.

Sauti ya kutafsiri ichaguliwe kwa heshima. Kuna mama mmoja muuza karanga wa soko la Sabasaba nilimrekodi, muda ukatubana, nikaingiza sauti yangu mwenyewe nzito hii. Wanawe wenye kusikia walicheka wiki nzima, wakawa wanamwita baba. Yeye alipoelezwa wanachochekea hakucheka. Siku hizi namtafuta mwanamke wa umri unaokaribiana, na kabla ya kurusha namwonesha mgeni maneno niliyomwekea mdomoni.

Usimwite kiziwi aje kuongelea uziwi tu. Fundi cherehani aulizwe bei ya kitambaa. Mkulima aulizwe mvua. Ukipata nafasi, mpe kiziwi kiti cha mtangazaji kabisa. BBC wana kipindi cha viziwi kiitwacho See Hear tangu 1981, na watangazaji viziwi wamekuwa wakikiongoza. Wakati huo TV yenyewe Tanzania Bara tulikuwa hatuna.

Kwenu mnaoandika tamthilia, nina ugomvi wangu binafsi. Kiziwi wenu ni yuleyule kila mara: binti mpole amekaa kibarazani, amerogwa na mama wa kambo, na kwenye sehemu ya mwisho anaombewa, anatamka "mama", muziki unapanda, watu wanalia. Dada yangu alitazama moja ya hizo akaniuliza kama sehemu inayofuata yule binti atafundishwa kusoma, maana amesikia sasa, lakini shule hakwenda. Mwandikieni kiziwi mchoyo. Mwandikieni mwenye wivu, anayedaiwa kodi, anayesengenya kwa alama kanisani wakati wa mahubiri (hili nimelishuhudia). Na achezwe na kiziwi. Anayesikia akijifunza alama wiki mbili anaongea kama mtalii, na viziwi wanaona lafudhi yake ya mikono. Marekani, Marlee Matlin alishinda Oscar ya mwigizaji bora wa kike mwaka 1987, na Troy Kotsur akashinda ya mwigizaji msaidizi mwaka 2022. Wote viziwi, na wote walicheza watu viziwi. Vipaji hivyo haviko Marekani peke yake, ni nyie hamjaita usaili.

Kabla hujarusha

Zima sauti. Tazama kipindi chote, mwanzo hadi mwisho, kwa macho tu. Kisha kitume kwenye simu kwa njia ambayo watu wanatumiana, kwa sababu WhatsApp inaibana video mpaka vidole vinageuka uji, na wengi watakipata huko. Vidole vikiwa uji, mkuze mkalimani.

Halafu wapelekee viziwi, wasiopungua watatu, wa umri tofauti, na ulipie muda wao. Usiwaulize "mmependa?" Watakwambia ndiyo, Watanzania tuna adabu. Waulize: daktari alisema mtoto apewe maji kiasi gani? Majibu yakikosewa, kosa ni la kipindi.

Kile cha kuhara nilikirudia. Mkalimani mpya, shati la buluu nyepesi, theluthi ya skrini, ukanda wa matangazo ukahamia juu. Dada yangu alikitazama dakika zote 28, mlenda ukangoja jikoni. Kilipoisha akanigeukia amekunja nyusi, mikono inakwenda kasi nikashindwa kumfuata, nikamwomba arudie. Akarudia taratibu: "Huyo daktari anasema nichemshe maji ya kunywa kila siku. Mkaa ananunua yeye?"